Nilivyotangaza nyuzi joto 48 kwenye mbio za kimataifa Karatu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee wa Karatu, dereva mstaafu wa watalii. Haya hayana chumvi, maana aibu ni yangu mwenyewe.

Tulikuwa na mbio za kimataifa, Rhotia hadi geti la Ngorongoro. Kamati ikanipa maiki. Kisa? Nina Form Four na Kiingereza cha wageni.

Ilikuwa Julai. Wenyeji wa huku mnaijua Julai yetu.

Mgeni mmoja Mmarekani akanionyesha weather kwenye simu yake: 48.

Sikuuliza 48 ya nini. Nikatangaza kwa sauti nene: "Wanariadha, leo joto ni nyuzi 48! Punguzeni nguo!"

Hapo nimevaa koti, sweta mbili na kofia ya sufu.

Mzee mmoja mfugaji kutoka Enguserosambu akacheka. "Mzee mwenzangu, hiyo joto iko wapi? Mimi natetemeka."

Nikamjibu, "Hiki ni kipimo cha kimataifa. Wewe zoea."

Paskalina, binti wa jirani yangu, alikuwa anawania nafasi kwenye kambi ya mazoezi. Watatu wa kwanza tu ndio wanachukuliwa. Akanifuata.

"Babu, mbona mimi nasikia baridi?"

"Ni woga wa mashindano, mjukuu wangu. Vua."

Akavua traksuti na glavu, akajimwagia maji kichwani. Wakenya wawili walinitazama, wakafunga zipu zao hadi kidevuni.

Alipanda mlima akiongoza. Kwenye ukungu karibu na geti miguu ikakakamaa. Akamaliza wa nne.

Baadaye Mmarekani akanieleza kwamba kwao wanapima kwa Farenhaiti. Kwa vipimo vyetu ilikuwa nyuzi tisa.

Tisa, wakuu!

Kamati ikakaa. Ripoti ikaandikwa kwamba mwanariadha wetu aliathiriwa na mabadiliko ya tabianchi. Nami nikasaini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata 48.

Wiki ilipopita nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwao Paskalina, nikasema yote mbele ya baba yake. Nikaahidi kumwandikia kocha wa kambi ukweli, na nikaandika. Nafasi haikurudi.

Paskalina alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Babu, mwakani tangaza majina ya washindi tu. Baridi tutaisikia wenyewe."

Funzo: ukipewa namba uliza kipimo, na ukikosea usisaini uongo.

Karibuni mnichape. Ila mwenye kujua kambi nyingine inayochukua wasichana wakimbiaji, aanze yeye kuandika hapa chini.