Tatu Niliyoigeuza Nane

Fundi simu wa mtaani kwetu anaposafisha kifaa kwa spiriti, harufu ile hunirudisha Mazwi, kwenye duka la baba la kuchapa barua, upepo wa baridi ukipenya chini ya mlango.

Kompyuta yetu kuukuu ilikuwa nzito kufanya kazi, na baba alitaka kuibadilishia prosesa, ile chipu inayoiendesha. Lakini mpya ilipaswa kulingana na madabodi, ule ubao mkubwa wa ndani. Akamwita dada yangu, si mimi. Dada aliufuta vumbi kwa pamba yenye spiriti, akasoma namba za ubao na kuziandika kwa penseli kwenye karatasi.

"Huyu ndiye fundi wangu," baba aliwaambia wateja. Nilisimama na ufagio mkononi.

Baba na dada walipotoka kwenda kunywa chai, nilichukua penseli nikaigeuza tatu moja ya kwenye karatasi ile kuwa nane. Kondakta wa basi akaipeleka karatasi Mbeya, kwa muuza vipuri vya kompyuta.

Prosesa ilipofika, haikuingia. Baba aliigeuza huku na huku, kisha akaiweka mezani.

"Mwanangu, ulisoma nini?"

Dada aliitazama karatasi, iliyokuwa imerudi pamoja na mzigo. Akaiona ile nane. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Nilikosea, baba. Nisamehe."

Baba akamshika bega. "Hata mafundi wakubwa hukosea," alisema, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuonyeshwa.

Niliendelea kufagia. Nilikuwa nimenusurika, lakini nilimwonea dada wivu hata kwa msamaha ule, ambao kwa haki ulikuwa wangu.