Mbegu Zilizosubiri Wageni Siakago

Niseme ukweli mapema: sikwenda Kenya kumsaidia mtu. Nilikwenda kutafuta cheti. Miaka sita nimekuwa bibi shamba Kongwa, nawazungukia wakulima kwa pikipiki, na kila nikiomba kupandishwa cheo mkuu wangu wa idara huniuliza, "Nje umewahi kufanya kazi?" Liliposikika shirika linalotafuta watu wa kujitolea mwaka mzima kwenye mradi wake wa mbegu Embu na Meru, nilijaza fomu siku hiyo hiyo.

Septemba niliondoka Dodoma. Siku mbili za basi, kupitia Namanga na Nairobi, mpaka Meru mjini, pale Makutano, ambako shirika lilipanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wiki mbili tulifundishwa humo, malori yanapiga honi chini, na msimamizi wetu Bwana Kirimi anasema, "Nyinyi ndio sura ya mradi." Nilifurahi kuambiwa hivyo. Mjinga mimi, sikujua kwamba alimaanisha sura ya kupigwa picha.

Wiki ya tatu nilipelekwa Siakago. Ukitoka Embu mjini barabara inateremka, kahawa inaisha, vumbi linaanza, na mimi mtu wa Dodoma nikajiona nimefika nyumbani. Mwenyeji wangu aliitwa Mama Njeru, mjane anayelea wajukuu wawili. Alikuwa ameutolea mradi ekari yake ya kando ya barabara, kwa sababu shirika lilitaka shamba linaloonekana. Ekari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha yeye na watoto kila mwaka mpaka mvua za Machi. Alikuwa ametia sahihi kwamba humo zitapandwa mbegu za mradi tu, zile choroko ambazo wao huziita ndengu. Mbegu zilikuwa stoo, na ufunguo ninao mimi.

Katikati ya Oktoba, asubuhi, alinijia na jembe begani.

"Madam Rehema, leta hizo mbegu. Sisi hapa tunapandanga kukiwa bado kukavu. Mvua ya huku haingojangi mtu, ikikuja inafaa ipate mbegu ndani."

Alikuwa sahihi kabisa. Bibi yangu Kongwa hupanda mtama wake vumbini hivyo hivyo, na mwaka anaochelewa ni mwaka wa njaa. Nilimpigia Kirimi.

"Hapana," akasema. "Wageni wa mradi wanakuja Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Novemba. Hakuna mbegu itaingia chini kabla ya uzinduzi. Waambie kitaalamu ni vizuri udongo uwe na unyevu."

Na mimi, jamani, nikaenda nikawaambia! Mbele ya kina mama kumi na wanne wa kikundi cha mradi, nikiwa na kofia ya mradi kichwani, nikasema kitaalamu ni vizuri udongo uwe na unyevu. Mama Njeru aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, wewe ndio umesoma." Akarudi nyumbani na jembe lake.

Mvua ilinyesha wiki moja baadaye. Majirani wote mbegu zao zilikuwa tayari ardhini. Wageni walipofika, mashamba ya kushoto na kulia yalikuwa yamechipua, na sisi katikati tuna udongo mtupu, utepe na spika. Walivaa mabuti mapya, wakadondosha mbegu chache, wakapigwa picha, wakaenda kula Embu mjini, sisi tukabaki kupanda zilizosalia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, mwenyeji akaumia.

Desemba mvua ilikata. Ndengu za majirani zilikuwa zimeshafunga maganda. Za Mama Njeru zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua, na maua yakakauka karibu yote. Tulivuna karai moja. Kirimi akaniandikia nitaje kwenye ripoti "mabadiliko ya tabianchi". Loo, nilichemka! Mvua ilikuja, ikanyesha, ikawajazia majirani magunia. Tuliochelewa ni sisi. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti, na yeye akaibadilisha.

Januari, tukimenya mihogo aliyopewa na dada yake, nilimwomba Mama Njeru msamaha. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Kwetu bibi yangu hupanda hivyo hivyo."

Akaacha kisu. "Ngai! Mimi nilikuwa nasema, huyu msichana ni wa mbali, hajui. Kumbe ulijua, na ukanyamaza."

Akachukua mihogo yake, akaenda kumenyea jikoni. Mwanzoni mwa Machi, bila kumpigia mtu simu, nilifungua stoo nikamkabidhi mbegu. Tulipanda siku tatu, kina mama wote, jua linachoma, udongo mkavu. Aprili Kirimi alikuja na wageni wengine kwa ajili ya kupanda, akakuta ndengu zimefika gotini.

"Umeniaibisha," akaniambia.

"Afadhali uaibike wewe kuliko watoto wale walale njaa," nikamjibu.

Agosti tuliagwa Meru. Wenzangu walisimama mmoja mmoja kueleza jinsi walivyokua, kikazi na kiutu, wakapewa barua za mapendekezo. Mimi nilieleza habari ya utepe na udongo mtupu. Nikapewa cheti, barua sikupewa.

Nilipitia Siakago kuaga. Mama Njeru alinifungia ndengu za mavuno mapya, akanisindikiza mpaka stendi. "Ile ya kungojesha mbegu nimekusamehe," akasema. "Ile ya kujua na kunyamaza, hiyo bado." Sikumbishia, haki ilikuwa yake. Nilipanda gari nikilia.

Niliporudi Kongwa, wiki ya kwanza tu, mkuu wangu wa idara akanipa agizo: mbegu za shamba darasa zisubiri mpaka mheshimiwa apate nafasi ya kuja kuzindua. Nilikataa kabla hajamaliza kusema.

"Kumbe Kenya umeenda kusomea kiburi," akasema.

Nikamwambia kuna mama mmoja Siakago ambaye mpaka leo hajanisamehe, na wa pili sitaki kumpata hapa Kongwa.