Siku Nilipotoa Viti Nje

Mkinicheka sitakasirika, maana hata mimi nikikumbuka siku ile najifunika uso na leso nikiwa peke yangu jikoni, lakini kwa vile Mama Auma amekuwa akiisimulia vibaya kwenye kila harusi (ananifanya nionekane mwendawazimu, na yeye ndiye aliyeanza kupiga mayowe), leo acheni niwaeleze mwenyewe jinsi nilivyomfanyia mama mkwe wangu matanga akiwa ndani anangoja chai.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nauza vitu vilivyotumika hapa Malaba. Maofisa wa mpakani wakipata uhamisho walikuwa wanauza kila kitu, kabati, makochi, vitanda, na mimi nanunua. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori yanayorudi tupu kutoka Uganda. Shida ni kwamba dereva aliye kwenye foleni hatoki, akitoka na foleni isogee amepoteza nafasi, kwa hivyo hawezi kuja kwangu kuangalia kochi, na mimi siwezi kujitwika kochi kichwani nikalipitisha lori kwa lori. Basi vitu vikajaa nyumbani. Mama mkwe, ambaye tulikuwa tunaishi naye na miguu ilikuwa inamsumbua, akawa kila akipita anajigonga. Siku aliyojigonga vibaya alimwita mume wangu Wandera mbele yangu.

"Hii nyumba imekuwa stoo," akasema. "Jumapili ikifika na hivi vitu bado viko hapa, huyu aache biashara, aende kijijini Moding alime shamba langu."

Wandera akaangalia chini, akasema sawa mama. Mimi na jembe hatujawahi kupatana, na biashara ile nilikuwa nimeianza mwenyewe, nikaapa moyoni kwamba sitaiacha na Moding siendi.

Hapo ndipo nilipopata wazo la picha. Kama dereva hawezi kuja kwa kochi, basi kochi limfuate kwenye albamu! Nikamwita Opio, mpiga picha wetu, ambaye kusema kweli alikuwa anaishi kwa matanga (ukimwona Opio na kamera asubuhi siku ya kazi huulizi nani ameoa). Akaangalia vitu vyangu ndani ya nyumba, akatikisa kichwa. "Mama Beti, hapa ndani ni giza. Nikipiga na flashi, hiyo kochi itatoka kama maiti. Tutoe nje, mwanga wa asubuhi ndio mzuri."

Ijumaa, Wandera alipoenda kazini, tukatoa. Opio akafunga shuka jeupe kwenye kamba ya nguo ili choo kisionekane nyuma, akapanga viti kwa mstari vikitazamana, kama alivyozoea. Nami, kwa tamaa ya kutaka kila kitu kiende, nikasema hebu tutoe na godoro. Sasa nyinyi ni watu wa huku, mnajua godoro likilala nje asubuhi, viti vimepangwa, shuka jeupe limefungwa, na mgonjwa wa nyumba hiyo, yaani mama mkwe, tangu ajigonge hajaonekana nje wiki nzima, maana yake ni nini. Hata mimi nilijua. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa madereva.

Opio hajabonyeza hata mara moja tukasikia, "Uuuwi! Uuuwi! Mama wa watu!" Ni Mama Auma, jirani yangu, anaingia mikono kichwani.

"Mama Auma, hakuna kitu," nikamwambia. "Tunapiga picha tu."

"Najua, dada yangu," akalia, akinikumbatia. "Lazima picha ipigwe."

Kabla sijajitoa mikononi mwake, mayowe yalikuwa yamefika barabarani. Wanawake wakaja na kuni, mwingine na unga, wanaume wakavua kofia na kuketi. Wakaketi juu ya makochi yangu! Na jua linapanda, na ule mwanga mzuri unaisha, na Jumapili ninaiona kabisa inakuja. Nikamwendea mzee mmoja aliyekaa katikati ya kochi kubwa.

"Mzee, tafadhali simama kidogo, nataka kochi lipigwe likiwa peke yake."

Mzee akanitazama kwa huruma, akawaambia akina mama, "Uchungu umempanda kichwani. Mshikeni."

Wakanishika, huku na huku. Nikawa napiga kelele, "Inukeni kwa makochi! Jua linapanda! Sitaki kwenda Moding!" na kadiri nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kulia. Opio naye, badala ya kunisaidia, anapiga picha tu. Baadaye aliniambia watu wakianza kulia kidole chake hakimngoji.

Ndipo mlango ukafunguka, mama mkwe akasimama pale na fimbo yake. "Ni nani amekufa?"

Jamani. Mzee wa kochi alianguka na kochi lake. Mama Auma alifunga mdomo katikati ya yowe. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akaangalia godoro, akaangalia shuka, kisha akaniangalia mimi niliyeshikwa.

"Nafula," akasema polepole, "kwani umenichoka hivyo?"

Hapo nilianza kulia kweli, nikamweleza yote mbele ya watu, albamu, madereva, jembe, yote. Akanisikiliza hadi mwisho, akajikokota hadi kwenye kiti cha mtu mmoja, akaketi. "Mtu akililiwa akiwa hai, lazima kitu kichinjwe," akasema. "Leteni jogoo wake." Jogoo wangu akaliwa, na unga wa matanga ukasongwa, na mimi nikawapakulia watu waliokalia mali yangu.

Jumamosi picha zikarudi kutoka Busia zilikosafishwa. Hakuna kochi hata moja lisilo na mtu anayelia. Lakini nilikuwa nimeapa, jamani, nikaichukua albamu hivyo hivyo nikaenda kwenye foleni. Dereva wa kwanza akafunua, akakunja uso.

"Mama, hawa wanalia nini?"

"Wamesikia nauza," nikajibu.

Akacheka mpaka akamwita mwenzake wa lori la nyuma, naye akamwita wake. Jumapili jioni nyumba ilikuwa tupu, isipokuwa kile kiti cha mtu mmoja. Mama alikataa kuinuka. "Hiki nimefufukia," akasema, na habari ya Moding sikuisikia tena.

Alikikalia miaka mingi, na tukapendana, na ni kwenye kiti hicho nilikomkuta asubuhi moja hapumui. Tukatoa viti nje. Chake nilikibeba mwenyewe. Nikalia hadi sauti ikakauka, na majirani wakawa wanapita wakinipungia mkono. "Mama Beti, leo unauza nini?"

Ilibidi niende hadi mlangoni kwa Mama Auma, nimshike mkono bila neno, ndipo akajua.

Tangu siku hiyo sijatoa kiti nje kwa ajili ya picha. Napiga ndani, mlango wazi, mteja akilalamika giza namwambia aje mwenyewe na tochi. Kwangu kiti kikionekana nje asubuhi, njooni. Ni kweli.