Aliyemeza Salamu kwa Pesa ya Begi

Saa mbili asubuhi. Milango ya vioo ya uwanja wa ndege inafunguka na kujifunga, na kila ikifunguka inamwaga nje watu wenye macho mekundu, nguo zilizojikunja na mizigo mingi kuliko mikono. Teksi zimejipanga kando ya ukuta. Ya nne kutoka mbele ni ya kijivu, imeoshwa mpaka matairi, na dereva wake ameegemea mlango, mikono mfukoni, macho kwenye vioo.

Hatazami nyuso. Anatazama mabegi. Mtu wa kwao, anasema, utamjua kabla hajafungua mdomo. Begi lake limezungushiwa kamba juu ya zipu, na ubavuni limeandikwa jina kwa wino mkubwa, utadhani mwizi akilisoma ataona haya na kulirudisha.

"Yule pale," ananong'ona, akinionyesha kwa kidevu. Mzee mmoja anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, na juu yake kuna begi la bluu lenye kamba. "Huyo wa nyumbani. Naapa."

Lakini zamu si yake. Mzee anaingizwa kwenye teksi ya mbele, begi linatupwa kwenye buti, gari linaondoka. Dereva wa gari la kijivu analisindikiza kwa macho mpaka linapokata kona. Halafu anavuta pumzi na kusogeza gari lake hatua moja, kama taratibu inavyotaka.

Wenzake kituoni wanamwita Bubu. Si kwamba hawezi kusema. Tangu tukutane amesema mpaka chai yake imepoa. Jina hilo alibandikwa na dereva mwenzake waliyetoka naye nchi moja, na lilikuwa na sababu. Kwa miaka tisa, Bubu alipopata abiria wa kwao, hakutoa hata neno moja la lugha yao.

Alikuja huku miaka kumi na moja iliyopita. Alimwacha mama yake mlangoni, ameshika kopo la maji aliyokuwa akimwagilia maua, na akamwahidi kurudi baada ya miaka miwili. Miezi michache ya mwanzo alifua mashuka hotelini, akaosha magari, kisha akapata leseni na gari la kukodi.

Mwenye gari anamwita tajiri, kama walivyozoea kwao. Na fungu analompelekea kila siku bado analiita hesabu. Katika kila safari kumi, anasema, sita ni za tajiri, mbili za mafuta, moja ya kodi ya chumba. "Ya kumi ndiyo tunagombania mimi na tumbo."

Ndipo zinapoingia zile pesa ndogondogo. Ada ya uwanja ni halali, imebandikwa kwenye kioo cha mbele na kila abiria anaiona. Nyingine zimezaliwa midomoni mwa madereva: ya begi, ya foleni, ya barabara mpya, na ya mashine ya kadi, ambayo siku nyingi inakuwa imekufa na kufufuka kutegemea na abiria. Hakuna hata moja ya kumfilisi mtu. Ni za kumfanya mgeni akune kichwa, amtazame mwenzake, kisha alipe kwa sababu amechoka na anataka kuoga.

"Mgeni habishani," anasema Bubu. "Hajui abishane na nani, wala kwa lugha gani. Wewe unajua hajui. Kazi imekwisha."

Tatizo lilikuwa watu wa kwao. Mwaka wa kwanza wa teksi aliwachangamkia wote. Akimwona mama mtu mzima anamkimbilia, shikamoo mama, habari za safari, wazima huko? Mama anaitikia marahaba, anauliza kwenu wapi, baba yako nani, na kabla hawajafika taa za pili wameshakuwa ndugu. Sasa begi la ndugu unalitozaje? Bubu akajikuta anabeba watu kwa bei ya mita tupu, anawapandishia mizigo hadi ghorofani, na wengine anawanunulia maji. Jioni hesabu haifiki, na tajiri hana habari na undugu wa mtu.

Basi akaamua kuimeza salamu. Akiona kamba juu ya zipu, anakaza uso, anafungua buti kimya, anaendesha kimya. Nyuma wanaongea lugha yake, naye anawasikia. Wanataja mvua, wanataja bei ya mafuta ya taa, wanasema nani kaoa na nani kahama. Anasema wakati mwingine alikuwa akipunguza mwendo ili tu wasifike upesi.

"Nilikuwa na njaa ya kuongea," anasema. "Simu ni simu. Lakini mtu yuko hapo nyuma ya shingo yako, anacheka kicheko cha kwenu, na wewe umejifanya ukuta. Inauma, usione hivi."

Alijifariji kwa jambo moja. Pesa ya begi haikuliwa. Iliingia kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, na bati hilo lilikuwa na kazi moja tu, kumrudisha kwa mama. Kila mama alipouliza kwenye simu, aliambiwa nauli inakaribia kutimia. Mwaka unaisha, bado inakaribia. Mama, aliyekuwa akimwona kwenye kioo cha simu tu, akaanza kumwita kwa utani mwanangu wa kwenye kioo, na Bubu anakiri kwamba utani huo ulimkosesha raha ya kula.

Kisha ikafika siku ambayo mpaka leo akiielezea anashusha sauti.

Ilikuwa asubuhi kama hii. Zamu yake ilipofika, walitoka mama mmoja mtu mzima na kijana wake, na mabegi mawili yenye kamba. Mama alikuwa na viatu vipya ambavyo dhahiri vilikuwa vikimbana. Bubu akakaza uso, akafungua buti, akawasha gari.

Hawajafika mbali, mama akamwambia mwanawe kwamba dereva huyu anafanana na watu wa kwetu, hata kisogo chake. Kijana akacheka, akasema kwa mama kila mtu anafanana na watu wa kwetu, tangu wahudumu wa kwenye ndege. Mama akamtaka amuulize. Kijana akakataa, alishaambiwa kuwa madereva wa huku ukiwazoea wanapandisha bei. Mbele, kisogo chenyewe kilianza kutoka jasho.

Wakaendelea na yao. Ndipo Bubu akasikia sababu ya safari. Mama yule alikuwa na binti huku, mwaka wa saba hajarudi. Kila mwaka binti anasema nauli haijatimia.

"Nimekuja nione hiyo nauli inatimia vipi," alimwambia kijana wake, tena bila hasira, kama mtu anayeongelea mashine iliyoharibika. Alikuwa ameuza kiwanja ili aje.

Bubu anasema hakumbuki alivyopita taa zilizofuata. Anachokumbuka ni mdomo wake ukifanya kazi uliyoizoea. Walipofika mbele ya jengo la ghorofa, alisoma mita, akaongeza ya uwanja, akaongeza mabegi mawili, na juu yake akaweka ya barabara mpya, ambayo siku hiyo hawakuipita. Yote kwa lugha ya nchi hii. Kijana akanung'unika, akalipa.

Alikuwa anashusha begi la pili pale kamba ilipomponyoka mkononi. Begi likatua juu ya kiatu kipya cha yule mama, naye akaguna na kuinua mguu.

"Pole, mama," alisema Bubu.

Hakulipanga. Anasema lilitoka lenyewe, kama chafya. Kwao mtu akijikwaa hata barabara ya pili unamwambia pole, seuze begi limemwangukia mbele yako. Miaka tisa aliweza kumeza shikamoo, karibu, habari za nyumbani, lakini pole hakuwahi kufikiria kuiwekea mlinzi.

Kijana akamtazama juu mpaka chini, bila shaka akikumbuka kila walichokisema njiani. Mama alibaki ameinua mguu. Bubu, akiwa hajui aanzie wapi, akaanzia pale alipopaswa kuanzia uwanjani. Akainama kidogo, akasema shikamoo.

Mama hakuitikia.

"Tumeshafika, mwanangu," alisema. "Ndiyo unaniamkia sasa?"

Bubu akatoa pesa ya mabegi na ya barabara, akamrudishia kijana. Kijana akazipokea, akazihesabu mbele yake, akazitia mfukoni bila asante. Bubu anasema hamlaumu, na kwamba kama angekuwa yeye angezihesabu mara mbili.

Wakati huo mlango wa jengo ukafunguka, binti akatoka anakimbia na kandambili za ndani, mguu mmoja tu una soksi. Alimwangukia mama yake kifuani, na mama akampapasa mgongo, mabega, kichwa, kama mtu anayehakikisha mzigo wake umefika mzima. Bubu alitakiwa aondoke, kwa sababu alikuwa ameegesha pabaya. Hakuweza. Alisimama akiwa ameshika mfuniko wa buti, na anasema waziwazi kwamba alimwonea wivu yule binti.

Walipokuwa wanaingia ndani, mama akageuka.

"Marahaba," alisema, kama vile salamu ilikuwa imetolewa sekunde hiyo hiyo. Halafu akauliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi muwahi."

Siku hiyo Bubu hakurudi uwanjani. Alikwenda chumbani kwake, chumba cha kitanda kimoja, jiko la sahani mbili na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, akavuta lile bati. Hapa anageuza kikombe chake cha chai iliyopoa.

Ukweli ni kwamba nauli ilikuwepo. Ilikuwepo muda mrefu. Ilikuwa imeshatimia mara tatu.

Kilichokuwa hakitimii ni mengine. Mtu aliyekaa nje miaka yote hiyo harudi na mkoba wa bega. Kuna simu za wapwa, kuna viatu, kuna manukato ya shangazi, kuna jirani ambaye hukumkumbuka lakini yeye anakukumbuka, na kuna ile bahasha nene ya kugawa ili watu waseme kweli huyu alikwenda kutafuta. Kila nauli ikitimia, Bubu aliona begi bado jepesi. Aliahirisha, kukatokea kodi au leseni, bati likaliwa, akaanza upya na mabegi ya wageni.

"Nilikuwa nawatoza watu mabegi yao ili na langu lijae," anasema. "Mama hakuniomba begi hata siku moja. Alikuwa ananiomba mimi."

Alimpigia simu jioni ileile. Hakumweleza habari ya yule mama mwingine, maana angeanzia wapi. Alimwambia tu kwamba anakuja, na kwamba anakuja mikono mitupu. Bubu akamsikia mama akimwita dada wa jirani na kumwambia alete ngazi, chumba cha kijana kina utando wa buibui juu.

Tangu hapo ni miezi mitano. Tajiri alikataa ruhusa mara ya kwanza, akasema gari haliwezi kulala bure. Sasa amekubali, kwa masharti kwamba yule mwenzake aliyempa jina la Bubu alishike gari kwa wiki nne na hesabu isikose. Tiketi imelipwa. Safari ni mwisho wa mwezi huu.

Mapato yake yamepungua, na halifichi hilo. Sasa anataja bei nzima kabla ya kufungua buti: mita itasoma karibu kiasi hiki, na ya uwanja hii hapa kwenye kioo, basi. Watu wa kwao anawaamkia. Wenzake kituoni wanamcheka kwamba bubu kapona na sasa hanyamazi, na wengine wamemnunia, kwa sababu abiria akishasikia bei ya kweli kwa mmoja anawasumbua wote.

Jina halijabadilika. Analipenda, anasema, linamkumbusha.

Foleni inasogea. Imebaki gari moja mbele yake. Anaingia ndani, anarekebisha kioo, anapangusa vumbi ambalo halipo.

Hofu yake sasa ni nyingine, na anaitaja huku akicheka, ingawa kicheko hakifiki machoni. Miaka kumi na moja ni mingi. Anajiuliza kama akitua kwao, na koti lake hili na mwendo wake wa haraka alioupata huku, madereva wa pale uwanjani watamwona mgeni. Mama ameshamwonya kwenye simu asipande teksi hovyo, watampiga bei. Amemwambia aseme yeye ni mwenyeji.

Je, namuuliza, wakimtoza ya begi?

Milango ya vioo inafunguka tena, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anatoka akivuta begi jekundu. Juu ya zipu kuna kamba. Gari la mbele limeshaondoka, zamu ni yake.

"Wanitoze," anasema, akifungua mlango ashuke. "Nitalipa, tena sitabisha. Ila huyo dereva aanze kwa kuniambia pole na safari."

Anamwendea yule mwanamke, na kabla hajagusa begi anamsalimia.