Falaji ya Kasongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, na nilijuta kabla ya saa nne, kwa sababu mudiri, mkuu wa ofisi, alinitembeza ofisi nzima na ofisi yenyewe ilikuwa na ngazi nyingi kuliko vyumba. Ilikuwa Wattaya, kabla maduka ya magari hayajaumeza mtaa. Nilipata kazi kwa sababu moja tu: nilijua Kiswahili. Watu waliokuwa wakija kutoka Afrika wakisema asili yao Oman walikuwa wengi siku hizo, na nusu yao Kiarabu chao kilikuwa cha kusalia.

Kazi yetu tukiiita kupandisha nasaba. Mtu anataja jina lake, la baba, la babu, anapanda hivyo hivyo mpaka amfikie yule aliyeondoka Oman, na kijiji alichoondokea. Hapo tena neno la mwisho ni la sheikh wa kijiji, awatambue au awakatae. Sisi tulikuwa watu wa kuwafikisha mlangoni kwake.

Mudiri alikuwa mtu wa Sharqiya, mpole, hapendi kelele. Mchana ule aliniketisha akaniambia kwa Kiarabu chake cha kijijini, "Majina mtu hufundishwa. Wewe muulize babu yake alilima nini, na kwa nini aliliacha shamba."

Nilidhani ananitania mgeni. Baada ya miezi michache nikaona kuwa ndiyo elimu yote ya kazi ile. Familia nyingi zilikuwa za wakulima, na zilikwenda magharibi shamba kwa shamba. Wa kwanza aliondoka kwenye mitende ya Oman maji yalipokauka, akashuka Unguja kwenye karafuu. Alipokufa, mkubwa alibaki na mikarafuu na mdogo akapewa mbegu na dua. Mdogo huyo akaenda Tabora, akapanda ngano na tende. Mwanawe mdogo akafika Ujiji. Wa huyo akavuka ziwa akaingia Manyema, akalima mpunga. Kwa hiyo mzee akinitajia mpunga, nilijua nna safari ndefu ya kurudi mashariki pamoja naye, na niliagiza chai kabisa.

Sitaki kuwapamba. Mashamba yale hayakulimwa na mikono ya wenyewe tu. Kulikuwa na watu waliolimishwa kwa nguvu, na wengine wao ni bibi zetu sisi sisi. Wazee walipofika hapo katika hadithi sauti zao zilishuka, nami niliwaongezea chai bila kuwaharakisha.

Baadaye nilihamishiwa tawi la ndani, nyuma ya milima. Mkuu wa tawi alikuwa mtu mkavu, kanzu yake imepigwa pasi kama karatasi. Safari ya kwanza kwenda vijijini aliniambia, "Huruma yako iache kwenye gari." Mimi nikizoea kuiacha, lakini mlango siufungi vizuri.

Katika tawi hilo ndipo nilipompata Bi Shamsa. Alikuwa mjane, mwembamba, anatembelea bakora, amekuja kutoka Kasongo, Manyema, pamoja na mwanawe Nasor na wajukuu. Yeye na marehemu mumewe walikuwa watoto wa ndugu wawili, ukoo mmoja. Shamba lao la mpunga lilichukuliwa katika vita, na kibali chao cha kukaa Oman kilikuwa kinakwisha. Wasipotambuliwa, jalada linafungwa na wao wanarudi, lakini mahali pa kurudi hapapo. Nasor alipanda majina vizuri mpaka jina la nne, akakwama kwenye lakabu, maana mtu yule Manyema nzima ilimjua kwa jina la Bwana Mpunga. Vijiji viwili vya kabila lao vilikwisha kuwakataa. Tukabaki na cha tatu.

Hapa nieleze kidogo mambo ya falaji, maana nyinyi vijana wa bomba mwayapita tu. Falaji ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka kijijini, na matumizi yake yana mpango tangu zamani. Juu kabisa ni pa kuteka maji ya kunywa, kisha msikiti, kisha bafu la wanaume, chini yake bafu la wanawake, ndipo maji yaende mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Kila kijiji nilichofika, wanawake wakioga chini ya wanaume.

Sheikh alitupokea sote, mkuu wa tawi akiwamo, katika sabla, ukumbi wa wageni, kwa kahawa na tende. Alikuwa mtu wa heshima, lakini alishachoka na watu wa aina yetu. Alisikiliza majina yote, akaweka kikombe chini, akasema hamjui Bwana Mpunga. Waliotoka pale walikuwa wengi, na wengine hawakuaga. Nasor aliinamisha kichwa. Bi Shamsa, ambaye hakufahamu Kiarabu kile, alitazama uso wa mwanawe akafahamu yote.

Wakati huo adhuhuri ikaadhiniwa, wanaume wakaondoka. Bi Shamsa akachukua bakora yake akatoka kwenda kutia udhu. Nilipomfuata nikamkuta anapanda juu kando ya mfereji, si chini. Alipita bafu la wanaume macho yamo miguuni, akaendelea mpaka kwenye ukuta mwingine wa mawe ulio juu yake. Nikatahayari kwa niaba yake. Nikamwita.

"Bi Shamsa, huko siko. Wanawake ni huku chini."

"Chini ya nani, mwanangu?" alinijibu bila kugeuka. "Kwetu mwanamke ndiye wa mwanzo kwa maji."

Akaingia. Nilikimbia kumtoa, nikakuta mle ndani bibi wawili wa kijiji wanaosha miguu, nao wanasogea mwenzao apate nafasi. Lilikuwa ndilo bafu la wanawake. Kijiji kile, peke yake katika vyote nilivyovijua, wanawake walikuwa juu.

Habari zilimfika sheikh kabla hatujarudi sabla. Mkuu wa tawi aliniuliza pembeni kama kuna mtu aliyemwelekeza. Nikamwambia tulishuka garini sote pamoja tukaingia ukumbini. Basi sheikh akaniomba nimuulize mama yule alijuaje.

Bi Shamsa alisema kwao Kasongo mvua inanyesha mpaka inachosha, mfereji hauhitajiki. Bwana Mpunga aliuchimba hata hivyo, kama baba yake alivyochimba Ujiji, na babu yake Tabora. Jirani waliwacheka. Na bibi yake Bi Shamsa, Mmanyema, mke wa Bwana Mpunga, ndiye aliyemfundisha kuwa bafu la wanawake hukaa juu, kama alivyofundishwa yeye na mama mkwe wake, Mnyamwezi.

"Wakisema zamani, kwao, maji yalikufa," alisema. "Mwanamke mmoja akauza dhahabu yake yote mfereji ukafukuliwa. Ndio wanaume wakasema, basi nyinyi mtaoga kabla yetu."

Nilifasiri neno kwa neno. Machozi yakamlengalenga sheikh. Akamgeukia Nasor.

"Dhahabu ile ilikuwa ya bibi yetu," alisema. "Zamu ya maji ya ndugu aliyeondoka hatuiuzi, huwa tunainyweshea mitende ya msikiti. Tangu leo tutawauliza nyinyi maji yenu yaende wapi."

Nililia, sikuona haya. Garini mkuu wa tawi aliniuliza kama ile huruma niliyoiacha bado imo, kisha yeye mwenyewe akatafuta leso.

Nimefanya kazi ile mpaka nikastaafu, na jambo hilo moja bado naliwaza. Sisi tukihesabu nasaba kwa wanaume, baba hadi babu. Waliokihifadhi kijiji ni wanawake ambao hawakukiona kamwe, wala hawakuulizwa kama wanataka kuwa watu wake. Hakuna jalada hata moja lenye majina yao, na hilo linaniuma.

Siku hizi nakaa Hail, Bi Shamsa yuko Mabela kwa Nasor, na kila Ijumaa mimi huenda kumwamkia. Wiki iliyopita nilimkuta anagombana kwa simu na mjukuu wake, Khalfan. Kijana amekodi shamba kule Najd, jangwa la Dhofar, magharibi kupita kote walikopata kukaa tangu warudi. Damu yao hiyo. Maji ya kisima yamepatikana, anajenga mabafu ya wafanyakazi na wake zao, na fundi anataka kujua bomba lianzie bafu la nani.

Bi Shamsa alinisukumia simu. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi ananiona mshamba."

Nikamsalimu Khalfan, nikamwambia aanze na wanawake. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia atafute kivuli akae, kwa sababu itabidi tuanzie Kasongo.