Maembe Yasiyo na Vikonyo

Kosa langu la mwanzo, na naliungama kabla hajalisema mwingine, ni kuyakata maembe vikonyo ili yapendeze sandukuni.

Mwaka ule binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa, na pale Temeke shangazi ndiye aliyesifika kwa achari. Mwembe ulikuwa mmoja tu, uani. Upepo wa vuli ukaanza kupukutisha maembe, ikabidi tuyachume yote siku moja. Lakini achari yake huanza kwa kuanika vipande juani, na jua lilikuwa limejificha. Maembe yangoje basi, yakiwa mabichi na mazima. Nikadakia, “Niachie mie.”

Shangazi akanitazama. “Wewe unayekunja shuka mara tatu?”

“Ndiyo maana, shangazi.”

Ujuzi wangu wote niliutoa kwenye karatasi iliyofungiwa karanga. Ilitoka katika jarida la Kiingereza, labda la Wazungu wa Oysterbay, na ilikuwa na picha ya matufaha ya Ulaya yamepangwa kwenye rafu, yanang’aa, hakuna linalogusa jingine. Maneno sikuyaelewa, picha niliielewa kupita kiasi. Sikuona kikonyo hata kimoja, nikaamini tunda lililostaarabika halina kikonyo. Nikavikata vyote. Nikayaosha maembe kwa sabuni, nikayapanga kwa ukubwa kwenye sanduku nililoazima kwa seremala wa Keko. Nilirudi mara mbili kunyoosha safu ya tatu.

Kesho yake utomvu ulikuwa umetiririka na kuyachoma maganda michirizi myeusi. Siku ya pili moja likaoza. Badala ya kusema, nikalizika nyuma ya banda la kuku. Siku ya tatu nikazika manne, nikasawazisha udongo vizuri sana.

Kuku hawajali udongo uliosawazishwa. Shangazi alikuwa uani na jirani yake, wanachambua mchele wa harusi, kuku mmoja akapita mbele yao anaburuta ganda la embe.

“Shoga,” jirani akasema, “kuku wako naye kaalikwa achari?”

Shangazi akainuka, akaenda kufunua sanduku.

“Nani kayatahiri haya?”

Jirani alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi nilikuwa natafuta pa kujizika.

“Kikonyo ndicho kizibo chake, mwanangu,” shangazi akasema. “Likikatwa hivi, uozo unapata mlango. Mbona hukuniambia juzi?”

“Niliona haya.”

“Haya zako nitawapakulia wageni? Lete kisu.”

“Lakini jua halijatoka, shangazi.”

“Jua halipo, chumvi ipo.”

Tukakata alasiri nzima, sote watatu. Palipooza tulipatupa, palipobaki tukapashindilia mtungini kwa chumvi na manjano. Vipande vyangu vya kwanza vilikuwa sawasawa kama vigae; shangazi akanipiga kofi mkononi, akasema harusi ni ya wiki ijayo, si ya mwakani. Jua lilipotoka baada ya siku nne, tukavianika.

Achari iliwatosha wageni wa upande wa bwana harusi. Sisi wenyeji tulikula pilau kwa ndimu, na jirani hadi leo ananiita ngariba.

Siku hizi nachuma maembe na vikonyo vyake, siyaoshi mpaka saa ya kukata, na likiharibika moja namwambia shangazi siku hiyohiyo.