Kamyo ya Baba Tuliyoisukuma

Hapana, mwanangu simwambii abaki kiwandani, na simwambii aende Houston. Najua utaniuliza tu, basi nimejibu mbele. Sasa keti. Mimi miguu inauma, na leo nimesukumwa.

Ndiyo, nimesukumwa! Mzee mzima, ndani ya gari, kwenye parking ya kanisa huku Mansfield, Texas. Tumetoka ibada, mwanangu akawasha, gari ikakohoa mara mbili, kimya. Wanaume wakavua makoti, wakaanza kuisukuma pembeni. Jirani yetu Mrundi, mwenye kagari ka Japani ka zamani, mlango mmoja mweupe mwingine wa bluu, anasukuma huku ananichokoza: "Mama, kaa tu kama bibi arusi!" Mwanangu jasho linamtiririka, ananiinamia dirishani: "Mama, usijali. Hicho kiti unachokalia nilikifunga mimi."

Na kiti ni kizuri kweli. Kinashika mgongo. Gari ndiyo haitembei.

Yeye anafanya kazi kiwanda cha viti, Fort Worth. Viti vinapelekwa kwa kampuni moja ya magari ya Marekani, ndiyo ya hii gari yetu, na hiyo kampuni inaumwa. Watu wananunua za Japani na za Korea. Siku za kazi zilikuwa tano, sasa ni tatu. Bosi wao anawakusanya. Kiingereza sikijui, lakini sauti yake naijua kwa simu ya mwanangu, inatokea puani: "Okeee, model mpya inakuja, tutakuwa fine, salama kabisa." Mwanangu anarudi nyumbani na pua hiyo hiyo: "Mama, watapona." Dada yake wa Houston amemtafutia kazi ya kufua mashuka hospitalini, kesho wanataka jibu. Huyu anasema, ngoja kwanza.

Mimi pale ndani ya gari, nikasikia mikono inapiga mgongo wa gari, papapa, nikajikuta kwetu, pembeni ya Ziwa Tanganyika, mtoto ambaye meno ya mbele yametoka.

Baba alikuwaka shofere, dereva wa lori. Kamyo yake ilitoka Amerika, pua ndefu, rangi ya majani. Siku ya soko nilikuwa naijua kwa harufu, mafuta ya mawese na ndakala, dagaa kavu, na moshi wake. Kwa ufunguo haikuwaka. Ilikuwa inasukumwa na wamama wenyewe, abiria, vitenge vimekazwa kiunoni, na mbele yao koko wangu, mama yake mama, ndiye anaita: "Wamama!" "Heee!" "Italala?" "Hailali!" Ikishika, gudugudugudu, tuf! Wanapanda mbio wanacheka. Sisi watoto tulibeba magogo ya kuzuia magurudumu mlimani. Nilifikiri magari yote ya dunia yanasukumwa.

Sasa koko ni mama mkwe wa baba, na kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Anageukia pembeni, mimi nabeba maneno. Wako hatua mbili, wanasikiana vizuri kabisa! "Mwambie baba yako, leo imekataa mara tatu." "Mwambie koko, kipande cha injini kiko njiani, kinatoka Amerika." Kipande! Hata kingekuja kwa magoti kingekuwa kimefika.

Halafu ikaja kamyo ya Japani, ya mtu mwingine. Ndogo, uso bapa, sauti ya mbu, niiii. Ukigusa ufunguo, imewaka. Wamama wakaanza kuhama, leo mmoja, soko lingine wawili, wanapita kwetu wameficha nyuso kwa vikapu. Koko akawafuata na maneno mpaka barabarani: "Nendeni na mbu wenu!" Yeye alibaki anasukuma, ni kwa ajili ya binti yake, mama yangu. Na baba kila asubuhi anapaka mawese kwenye tairi zing'ae, anaimba. "Itapona," anasema. Hajaulizwa na mtu.

Ikafika mvua. Siku ile wamama walibaki wanne. Mlimani ikazima, wakasukuma, ikazima tena, magogo yetu yakateleza, kamyo ikarudi nyuma. Ndoo ya koko ikapinduka, mawese yote ya kuuza yakaingia matopeni. Ile mbu ya Japani ikapita, ikasimama juu pale, inasubiri. Koko akachukua kikapu kitupu aende kuipanda.

Toka siku hiyo baba hakushika tena usukani ule. Alienda kulima na wajomba. Kamyo ikakaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti chake, mayai nikayala mimi. Barabara ile sijui kama iko. Wale wamama wengi wamekufa, wengine wametawanyika kama mimi. Wimbo wa kusukuma nimebaki nao peke yangu. Nilimwimbia mjukuu, akanishangaa: "Koko, why?" Anauliza kwa nini! Hata kicheko cha watu wenye matope mpaka magoti, mtoto wa Texas utamwonyesha wapi?

Sasa mwanangu yuko jikoni anapigia fundi simu. Nasikia huku: kuna kipande, wameagiza. Kiko njiani! Nikataka kucheka, nikachoka kabla ya kucheka. Mimi si mama mkwe, ni mama yake, hakuna anayenikataza kumwangalia usoni. Lakini nikifungua mdomo litatoka neno lile la koko, na nililiona lilivyomfanya baba yangu. Siku ile ya mvua alikaa kwenye ngazi ya kamyo, kofia mkononi, mvua inamnyeshea.

Nilikuwa nimesimama kati yake na koko, nasubiri kubeba maneno kama kawaida. Koko hakunipa. Akanisogeza pembeni na mkono wa matope, akamtazama baba machoni, mara ya kwanza na ya mwisho:

"Mkwe, tunakulipa utubebe, na ni sisi tunakubeba."